Barua kwa mwanangu: kasumba na saini

Mwanangu mpendwa Tumaini,

Baada ya salamu nyingi, barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu, ile ya tatu nikiwa na kalamu mkononi kama nilivyozoea kusoma daftari za wanafunzi. Unasema mlibishana kazini hadi saa ya mapumziko ikaisha. Mwenzako mmoja alishikilia kwamba utandawazi wa uchumi ndio uliotuepusha na vita vya tatu vya dunia, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayempiga risasi mteja wake. Mwingine akamjibu kwamba utandawazi ni ukoloni uliobadilisha nguo, na kwamba ukifukua chini ya vita vyovyote vya leo utakuta soko la mtu. Wewe hukujua ukae upande gani, ukaniuliza mimi, tena kwa kunichoma kidogo: "Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba wanaouziana hawapigani?"

Ni mimi, sikatai. Katika miaka ya tisini nilisimama mbele ya darasa la historia, Ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka Novemba 1989, Umoja wa Kisovieti ukiwa umevunjika Desemba 1991, na Shirika la Biashara Duniani likiwa limeanza kazi Januari 1, 1995, nikawaambia watoto wa watu kwamba mipaka itabaki kuwa mistari ya ramani tu. Sikuwa nadanganya, maana niliyaamini maneno yale kwa moyo wangu wote. Lakini leo naona kwamba nilikuwa nafundisha itikadi nikidhani nafundisha historia, na nadhani jibu la swali lako limelala katika tofauti ya vitu hivyo viwili.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu aliandika kwamba biashara kwa asili yake huelekea kwenye amani, kwa sababu mataifa mawili yanayofanya biashara hutegemeana: moja lina haja ya kununua, jingine lina haja ya kuuza. Miaka michache kabla ya 1914, Mwingereza Norman Angell alilipeleka mbele zaidi akasema kwamba mikopo, benki na biashara vimeyafunga mataifa pamoja kiasi kwamba hata mshindi wa vita atatoka na hasara. Wengi humcheka wakidai kwamba alisema vita haviwezekani tena, lakini hakusema hivyo. Alisema havilipi, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa. Uingereza na Ujerumani zilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa kila mmoja, na bado zilipigana miaka minne. Angell alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1933, mwaka uleule Hitler alipoingia madarakani. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza ajue kwamba hesabu ya faida na hasara haijawahi kutosha peke yake kuzuia bunduki isipige.

Hata hivyo nisimdharau, kwa maana anao mfano mmoja mzuri mno. Mei 9, 1950, Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alipendekeza kwamba makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na cha Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ili vita baina ya nchi hizo visiwezekane hata kwa vitendea kazi. Mwaka uliofuata nchi sita zilitia saini mkataba, na mahasimu waliokuwa wamepigana mara tatu ndani ya miaka sabini hawajapigana tena hadi leo. Lakini tazama kwa makini kilichokuwa kipya pale. Kuuziana makaa na chuma halikuwa jambo geni, kwani walikuwa wakiuziana kabla ya 1914 na kabla ya 1939 vilevile. Jipya lilikuwa mamlaka ambayo aliyeshinda vita na aliyeshindwa walikaa ndani yake kwa haki zilezile, na mahakama ambayo mmoja angeweza kumshtaki mwenzake badala ya kuhamasisha jeshi. Biashara ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kulalamikia.

Hapo ndipo ninapotaka uniangalie, kwa sababu kila mkataba wa biashara una saini, na kila saini ina mkono. Adam Smith, Mskochi ambaye wahubiri wa soko huria wamemfanya nabii wao, alitaja "mkono usioonekana" mara moja tu katika kitabu chake kinene cha 1776, na wafuasi wake wameushika mkono huo kama kwamba hakuandika kitu kingine chochote. Yeye mwenyewe hakuwa mjinga kuhusu mikono inayoonekana: aliandika kwamba wafanyabiashara wa aina moja ni nadra kukutana, hata kwa burudani tu, bila mazungumzo yao kuishia katika njama ya kupandisha bei. Na miaka miwili baada ya kitabu hicho aliteuliwa kuwa kamishna wa forodha huko Scotland, akawa anakula mshahara wa kukusanya ushuru aliokuwa akiulaumu. (Hili huwa linanifurahisha kila ninapolikumbuka, na nakiri kwamba halithibitishi chochote.)

Sasa nikupeleke mahali pamoja, usimame karibu uone. Ni Humen, kwenye mlango wa mto kusini mwa China, Juni 1839. Uingereza ilikuwa inanunua chai nyingi kutoka China na kulipa kwa madini ya fedha, na ili kuziba pengo hilo wafanyabiashara wake walikuwa wakiingiza kasumba iliyolimwa India, ingawa sheria ya China iliikataza. Mfalme alimtuma mjumbe wake, Lin Zexu, kukomesha biashara hiyo. Lin aliwabana wafanyabiashara wa kigeni hadi wakasalimisha masanduku zaidi ya 20,000, kisha akaamuru yachimbwe mashimo makubwa karibu na maji. Wafanyakazi walimwaga kasumba ndani ya mashimo, wakatia chumvi na chokaa, wakaivuruga ikachemka na kutoa moshi wenye kunuka, na maji yalipokupwa wakafungua milango ya mifereji ikasombwa baharini. Kazi hiyo ilichukua siku ishirini na tatu. Kabla ya kuianza, Lin alimwandikia mungu wa bahari dua ya kumtaka radhi kwa uchafu atakaouleta, akimwomba awaonye viumbe wa majini wasogee kando kwa muda.

Uingereza ilijibu kwa manowari. Bungeni London, Aprili 1840, serikali ilinusurika kwa kura 271 dhidi ya 262, maana yake kwamba karibu nusu ya wabunge waliopiga kura waliipinga, na baadhi yao waliitaja aibu ya jambo lile waziwazi. Kumbuka hilo siku mtu atakapokuambia kwamba watu wa zama hizo hawakujua walitendalo. Agosti 29, 1842, juu ya manowari ya Waingereza iitwayo Cornwallis iliyotia nanga Nanking, wajumbe wa China walitia saini mkataba uliotoa kisiwa cha Hong Kong, ukafungua bandari tano, na kuitoza China dola milioni 21 za fedha, zikiwamo milioni sita za kufidia kasumba iliyoteketezwa. Na waliotetea vita vile walitumia maneno gani? Walisema kwamba China inazuia biashara huria.

Lugha yetu hapa imenirahisishia kazi kwa namna ambayo sidhani lugha nyingi zingeweza. Kasumba kwetu ni ile dawa ya kulevya, na kasumba vilevile ni fikra iliyopandikizwa kichwani mwa mtu hadi akaiona kuwa ni akili yake mwenyewe. Ukiniuliza itikadi ni nini katika mambo ya uchumi, nitakuambia kwamba si lazima iwe uongo. Biashara huria ina manufaa ya kweli, na David Ricardo alionyesha mwaka 1817, kwa mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, kwamba nchi mbili zinaweza kufaidika kwa kubadilishana hata kama moja inaizidi nyingine katika kuzalisha vyote viwili. Hesabu hiyo haijawahi kukanushwa. Inageuka kasumba pale inapotumika kuficha uamuzi wa mtu, ili kilichoamuliwa kwenye meza fulani, siku fulani, na watu wenye majina, kionekane kama mvua au jua, kitu ambacho hakina wa kuulizwa. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipenda kusema kwamba hakuna njia nyingine. Tangu lini siasa ikakosa njia nyingine?

Nitakujibu kabla hujaniandikia kwamba teknolojia nayo imo. Naam, imo. Aprili 26, 1956, meli Ideal X iliondoka bandari ya Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na kwa kweli masanduku yale ya chuma yamefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za mawaziri wa biashara, kwa kuwa yalishusha gharama ya kusafirisha mzigo hadi umbali ukapoteza maana yake. Lakini kontena haliamui nani alipe ushuru na nani asamehewe, wala halisemi mkulima wa nchi tajiri apewe ruzuku huku mkulima wa nchi maskini akikatazwa kupewa. Hayo yaliandikwa kwa kalamu.

Chukua Mexico. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1994, mkataba wa biashara huria baina ya Marekani, Kanada na Mexico ulianza kutumika. Usiku uleule wakulima wenye asili ya Wamaya waliojiita Wazapatista waliingia mjini San Cristóbal de las Casas na miji mingine ya jimbo la Chiapas, baadhi yao wakiwa na bunduki na wengine wakiwa na bunduki za mbao za kuchonga, wakatangaza vita dhidi ya serikali. Mapigano yenyewe yalidumu siku kumi na mbili hivi. Miaka miwili kabla, katika maandalizi ya mkataba, serikali ya Mexico ilikuwa imebadilisha ibara ya 27 ya katiba, ile iliyozaliwa na mapinduzi ya mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuahidi ardhi kwa wasio na ardhi. Ahadi ile ikafutwa, na mahindi ya Marekani, yaliyolimwa kwa mashine na kwa ruzuku, yakafunguliwa njia ya kuingia hatua kwa hatua hadi 2008. Wataalamu walisema kwamba wakulima wadogo watahamia kazi zenye tija zaidi. Sentensi hiyo, mwanangu, naijua vizuri, maana nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu. Haina mtendaji, na haisemi watahamia wapi, lini, wala kwa nauli ya nani. Wapo waliohamia kweli, wengi wakavuka mpaka wa kaskazini, na huko wakageuzwa kuwa ushahidi wa itikadi nyingine ambayo nitaifikia.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Indonesia, na ndio uliobomoa somo langu la zamani. Julai 2, 1997, Thailand ilishindwa kuilinda sarafu yake, baht, na hofu ikaenea kwa majirani. Rupia ya Indonesia iliyokuwa karibu 2,400 kwa dola moja katikati ya mwaka huo ilipita 10,000 Januari iliyofuata. Makampuni yaliyokopa kwa dola na kupata mapato kwa rupia yakaanguka kama vibanda vya makuti kwenye upepo. Januari 15, 1998, Rais Suharto alitia saini barua ya masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na wapiga picha walikuwapo. Huenda picha hiyo umeiona. Suharto, mzee wa miaka 76, ameinama mezani akiandika. Nyuma yake amesimama Michel Camdessus, mkuu wa shirika hilo, mikono ameikunja kifuani, akitazama chini kuelekea kwenye karatasi. Hakumfokea wala hakumgusa. Lakini katika bara zima la Asia watu waliiona mikono ile iliyokunjwa, na wakasoma ndani yake kile ambacho kurasa zote za masharti hazikukisema.

Mwanzoni mwa Mei serikali ilipandisha bei ya mafuta ya taa na petroli, kama masharti yalivyotaka ruzuku ipunguzwe. Mei 12 wanafunzi wanne walipigwa risasi na kufa katika Chuo Kikuu cha Trisakti, Jakarta. Siku zilizofuata mji ukawaka moto. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, wengi wao wakiungua ndani ya maduka makubwa yaliyokuwa yakiporwa. Mei 21 Suharto alijiuzulu. Ukiishia hapo utasema kwamba umma ulimwajibisha mtawala wake. Lakini angalia maduka yaliyochomwa yalikuwa ya nani. Mengi yalikuwa ya Waindonesia wenye asili ya China, na wanawake wa jamii hiyo walibakwa majumbani mwao. Mwenye duka hakuwa ameshusha thamani ya rupia wala hakuketi kwenye meza ile ya Januari. Alikuwa karibu tu, alikuwa na uso unaofahamika, na bei mpya ilikuwa imeandikwa kwenye rafu yake.

Hilo, Tumaini, ndilo ninalotaka kulisema katika barua hii yote. Ukiwaambia watu kwamba maumivu yao hayakuamuliwa na yeyote, kwamba ni soko tu limepita, hawatakuamini hata kidogo, kwa kuwa mwenye njaa anajua kwamba kuna mtu aliyefanya kitu. Na kwa kuwa umemficha mtendaji halisi, atakuja mwingine na mtendaji wa kubuni: mgeni, mhamiaji, jirani wa dini nyingine, kabila lenye maduka. Itikadi ya kwanza inafuta saini, ya pili inaweka jina la uongo mahali palipofutwa. Watu huziona kama mahasimu, mimi naziona zikifanya kazi kwa zamu.

Mwenzako wa pili asiruke kwa furaha hapo, maana naye anavuta kamba kupita kiasi. Chuki dhidi ya Wachina wa Indonesia haikuzaliwa na rupia. Utawala wa Suharto ulikuwa umewabana kwa miongo mitatu, ukikataza hata sikukuu zao kuadhimishwa hadharani, na utawala huo wenyewe uliingia juu ya mauaji makubwa ya 1965 na 1966. Vivyo hivyo kuhusu Rwanda. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka kwa karibu nusu, na nchi iliyopata sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni kutokana na kahawa ikabaki na mashimo kila upande. Wapo wanaoanzia hapo na kumalizia kwenye mauaji ya kimbari ya Aprili 1994, kana kwamba njia ilinyooka. Haikunyooka. Bei ya kahawa haikuandika orodha za watu wa kuuawa wala haikuanzisha redio ya kuhubiri chuki. Hayo yalifanywa na watu ambao majina yao yalisomwa baadaye mahakamani. Mtu anayesema kwamba chini ya kila vita kuna soko naye anafuta saini, ila anazifuta za upande wa pili.

Kisha kuna jambo la kutegemeana, ambalo Montesquieu aliliona kama kamba inayowafunga wawili pamoja. Hakuuliza kamba hiyo imefungwa kwenye mkono wa nani na kwenye shingo ya nani. Mwaka 1941 Japani ilikuwa inanunua sehemu kubwa sana ya mafuta yake kutoka Marekani, ikiyatumia katika vita vyake nchini China. Ilipoingia kusini mwa Indochina Julai mwaka huo, Marekani ilizuia mali zake na mafuta yakakatika. Makamanda wa Tokyo walipiga hesabu ya akiba iliyobaki kwenye matangi, wakaona muda unawaishia, na Desemba 7 wakashambulia Pearl Harbor. Sisemi kwamba Marekani ilikosea kuacha kuuzia mafuta jeshi lililokuwa likiangamiza watu. Ninachosema ni kwamba nchi zile mbili zilikuwa zimefungamana kibiashara kweli kweli, na mfungamano huohuo ndio uliompa mmoja silaha na mwingine hofu.

Wajerumani wa kizazi chako wamelisoma somo hilo kwa gharama yao. Kwa miongo kadhaa wanasiasa wao walishikilia kwamba biashara na Urusi itaibadilisha Urusi taratibu, na bomba la gesi lililopita chini ya bahari ya Baltiki likafunguliwa 2011 kwa matumaini hayo. Migahawa ya McDonald's, ambayo wa kwanza nchini humo ulifunguliwa Moscow Januari 31, 1990 na watu wakapanga foleni ndefu, ilitajwa hata na waandishi kama dalili ya amani. Februari 24, 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Mwaka huohuo migahawa ile ikauzwa na kubadilishwa jina, gesi ikakatwa, na akiba ya Urusi ya takriban dola bilioni 300 iliyokuwa nje ya nchi ikazuiliwa. Kila kiungo cha utandawazi kiligeuzwa kuwa nyenzo ya vita na kila upande ulioweza kukishika. Ngano ikawa vilevile: meli zilizosheheni nafaka zilikwama bandarini, zikaruhusiwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Istanbul Julai 22, 2022, na makubaliano yenyewe yakafa Julai 17 mwaka uliofuata. Waliosubiri ngano hiyo katika nchi zisizohusika na vita hawakuulizwa siku ya kuanza wala siku ya kumaliza.

Ndiyo maana siku hizi unasikia wimbo mpya, ule wa usalama wa taifa. Viwanda virudishwe nyumbani, ushuru upandishwe, kompyuta na betri ziwe siri za jeshi. Tangu 2018 Marekani na China zimetozana ushuru kwa awamu, na Oktoba 2022 Marekani iliizuilia China chipu za kisasa za kompyuta na mashine za kuzitengenezea. Usidhani kwamba mama yako, kwa kuwa amejutia somo lake la zamani, sasa anashangilia. Wimbo huu nao ni wa zamani. Juni 1930 Rais Herbert Hoover wa Marekani alitia saini sheria ya kupandisha ushuru, ingawa wachumi zaidi ya elfu moja walimwandikia wakimsihi aikatae. Nchi nyingine zikalipiza, na biashara ya dunia ikaporomoka katika miaka ambayo vyama vya chuki vilikuwa vikihitaji watu wasio na kazi. Kuta za ushuru nazo huficha mkono. Anayekuambia kwamba bidhaa hii inazuiwa kwa ajili ya usalama wa taifa amekufunga mdomo kabla hujauliza ni kiwanda cha nani kinacholindwa.

Na ili nisikudhulumu, niseme lile ambalo mwenzako wa pili hatapenda kulisikia. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya wanadamu waliishi katika ufukara uliokithiri kwa kipimo cha Benki ya Dunia. Kabla ya janga la UVIKO-19 walikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokea China, nchi iliyoingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na haikuingia kwa kufuata mahubiri ya soko huria neno kwa neno, bali kwa kuchagua mlango wa kufungua na mlango wa kufunga. Mama wa kijijini aliyemwona mwanawe akimaliza shule kwa mshahara wa kiwandani hahitaji kuhubiriwa nami kwamba utandawazi ni ukoloni. Binti aliyefyekwa na zege la jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, Bangladesh, Aprili 24, 2013, pamoja na wengine zaidi ya 1,100, hahitaji kuhubiriwa na mwenzako wa kwanza. Nyufa ukutani zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado kuna mtu aliyeamuru mashine ziwashwe.

Uliniuliza mwishoni kama kuna lolote katika mfumo huu linalostahili kutetewa. Lipo moja, na nitakueleza kwa mfano utakaokuchekesha. Mwaka 1995 Marekani iliweka kikomo kwa nguo za ndani zinazoingizwa kutoka Costa Rica. Costa Rica, nchi isiyo na jeshi tangu 1948, ilipeleka mashtaka Geneva kwenye Shirika la Biashara Duniani. Ikashinda, ikakata rufaa yenyewe kuhusu hoja moja ambayo haikuridhika nayo, na Februari 1997 ikashinda tena. Fikiria, dola kubwa kuliko zote imekaa upande mmoja wa meza, nchi ndogo upande wa pili, wanabishana kuhusu chupi, na dola kubwa inashindwa na inatii. Hakuna kasumba hapo. Kuna sheria iliyoandikwa, pande mbili zenye majina, na watu saba walioteuliwa kusikiliza rufaa, ambao watatu wao huketi kwa kila shauri.

Baraza hilo la rufaa halisikilizi tena mashauri. Marekani, chini ya marais wa vyama vyote viwili, imezuia wajumbe wapya kuteuliwa. Desemba 2019 walibaki pungufu ya watatu wanaohitajika, na mjumbe wa mwisho alimaliza muda wake Novemba 30, 2020. Anayeshindwa siku hizi anaweza kukata rufaa kwenye baraza lisilo na mtu, na shauri linalala hapo. Viti vyote saba viko wazi, nchi nyingi zimekuwa zikiomba vijazwe mkutano baada ya mkutano, na kila mara jibu la kukataa hutolewa na mjumbe wa nchi ileile, kwa sauti, na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Daftari langu la masomo la 1995 nimelitafuta na nimeliona. Ile sentensi unayonichoma nayo ipo, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nitakupa ukija, usome na yale niliyoyaandika pembeni juzi.

Wasalimie wenzako wote wawili.

Ni mimi,
Mama yako